Alama za madaktari nazo zinahitaji kusawazishwa

MWALIMU yeyote aliyewahi kuketi mbele ya rundo la insha anafahamu jambo ambalo wanafunzi wake hawaambiwi mara nyingi: kwamba insha ile ile ikipewa walimu wawili, wote wenye shahada na wote wenye nia njema, aghalabu hairudi na alama ile ile. Mwaka wa 1912 Wamarekani wawili, Daniel Starch na Edward Elliott, walizipiga chapa karatasi za Kiingereza za wanafunzi wa shule ya upili wakazipeleka kwa walimu zaidi ya 140. Karatasi moja ilirudi ikiwa na alama zilizotengana kwa zaidi ya 30 katika mia. Walipofanya vivyo hivyo kwa karatasi ya jometri, somo ambalo wengi wetu hudhani halina ubishi, tofauti haikupungua hata kidogo.

Walimu wamekwisha kuizoea aibu hiyo, nao wameitafutia dawa. Ninalotaka kulijadili leo ni kwamba madaktari wanayo aibu iyo hiyo, na kwamba kwao kosa la alama moja haliishii kwenye cheti bali huingia mwilini mwa mtu. Nitachukua mfano mmoja tu, ugonjwa uitwao kolaitisi ya vidonda, kwa sababu ni katika ugonjwa huu ambapo madaktari wenyewe wamejichunguza kwa uaminifu mkubwa na kuyaandika waliyoyaona.

Kolaitisi ya vidonda isichanganywe na vidonda vya tumbo ambavyo kila mtu mjini humsikia jirani akivilalamikia. Huu ni ugonjwa wa utumbo mpana. Utando wa ndani wa utumbo huo, kuanzia kwenye puru na kupanda juu, huvimba, hugeuka mwekundu, huchubuka na kutoka damu. Mgonjwa huharisha damu na kamasi, huenda msalani mara nyingi mchana na usiku, hukonda na kupungukiwa na damu. Ugonjwa hutulia, kisha huamka tena, na huweza kumwandama mtu maisha yake yote. Haujulikani kuwa na dawa ya kuumaliza kabisa isipokuwa kuuondoa utumbo mpana wenyewe kwa upasuaji.

Ili kujua ugonjwa umefikia wapi, daktari hufanya kolonoskopi. Mgonjwa hufunga kula, hunywa dawa ya kuharisha ili utumbo uwe safi, kisha mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera nchani, hupitishwa kwenye njia ya haja kubwa hadi ndani. Daktari hutazama picha kwenye kioo. Hapo ndipo anapogeuka kuwa mtahini, maana hutakiwa kutoa alama.

Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani kilitoka katika hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani, kikachapishwa mwaka wa 1987 katika jaribio la dawa. Kina ngazi nne. Sufuri ni utumbo usio na dalili za ugonjwa. Moja ni ugonjwa mdogo: wekundu kiasi, mishipa midogo ya damu haionekani vizuri kama inavyopaswa, na utando huvuja damu kidogo unapoguswa. Mbili ni ugonjwa wa wastani: wekundu mwingi, mishipa haionekani kabisa, kuna michubuko, na kuguswa huleta damu. Tatu ni ugonjwa mkali: damu inachuruzika yenyewe na vidonda vimefunguka.

Msomaji aliyewahi kufundisha Kiswahili na ayatazame maneno hayo kwa jicho la kazi yake. “Wekundu kiasi” unakoma wapi na “wekundu mwingi” unaanzia wapi? “Kidogo” ni kipimo gani? Mwongozo wa kusahihisha ulioandikwa hivi ungeletwa mbele ya walimu wa lugha ungerudishwa kabla ya chai ya saa nne. Na hapo sijataja kwamba daktari mmoja huugusa utando kwa nguvu na mwingine kwa upole, hivi kwamba damu inayotoka huwa ni alama ya mkono wa daktari kama ilivyo ya ugonjwa wa mgonjwa.

Haya si mageni. Mwaka wa 1964 madaktari watatu jijini London, Baron, Connell na Lennard-Jones, waliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Uingereza makala ambayo ingefaa isomwe na kila mwalimu wa vyuo vya ualimu. Walijiuliza swali jepesi: tukitazama utumbo huu mmoja sote, tutasema jambo moja? Waligundua kwamba katika sifa nyingi hawakusema jambo moja, na kwamba lililowapatanisha zaidi ni damu: je, ipo au haipo, inatoka yenyewe au hadi uguse? Kwa hiyo kipimo kilichoachwa na kazi yao kiliegemea damu. Funzo hilo lilipatikana miaka 23 kabla ya ngazi za Mayo kuchapishwa, na bado ngazi hizo zikajazwa “kiasi” na “mwingi”.

Uchunguzi mkubwa ulikuja baadaye. Mwaka wa 2012 kundi lililoongozwa na Simon Travis wa Oxford lilichapisha matokeo ya kazi iliyotumia hazina ya mamia ya video za utumbo. Katika hatua ya kwanza madaktari 10 walitazama video na alama zao zikalinganishwa na za mtazamaji mmoja mkuu. Walipokuwa mbele ya ugonjwa mkali walipatana naye kwa asilimia 76. Walipokuwa mbele ya utumbo alioutaja yeye kuwa wa kawaida, walipatana naye kwa asilimia 27 tu.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa makini, maana limepindua mazoea yetu. Sisi watu wa kawaida tungedhani ugumu uko kwenye ugonjwa, na kwamba afya inajulikana hata gizani. Kumbe la! Utumbo unaomwaga damu humfunga kila mtu mdomo, ilhali utumbo uliotulia huwagawanya wataalamu. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba daktari aliyeambiwa “huyu ni mgonjwa” huutafuta ugonjwa hadi aupate, kama mwalimu aliyeambiwa kuwa karatasi hii ni ya mwanafunzi mtoro anavyoyaona makosa ya tahajia yaliyomponyoka katika karatasi ya kiranja.

Katika hatua ya pili madaktari wengine 30 walipewa video wazipime kwa sifa kumi, moja moja. Ili kuyaelewa matokeo yao ni lazima tuingie kwenye hesabu kidogo, na ninawaomba walimu wa hisabati wanisaidie kuisambaza hesabu hii madarasani, kwa kuwa ni rahisi na ni nadra kufundishwa.

Tuseme madaktari wawili wamewatazama wagonjwa 100, na kila mmoja amesema 80 wana ugonjwa mdogo na 20 wana ugonjwa mkali. Tuseme wamepatana juu ya wagonjwa 84. Asilimia 84 inasikika kama sifa. Lakini hata kama kila mmoja angekuwa amefumba macho na kugawa alama kwa bahati nasibu katika kadiri hizo, wangepatana kwa “mdogo” mara 64 na kwa “mkali” mara 4, yaani mara 68 bila kutazama chochote. Kwa hiyo waliyoyafanya kwa macho yao ni yale 16 yaliyozidi 68, kati ya 32 yaliyokuwa yamebaki. Nusu. Kipimo hicho huitwa kapa, nacho hapa ni 0.5. Sufuri ni bahati tupu, moja ni upatanifu kamili. Kilitungwa na Jacob Cohen mwaka wa 1960, na jarida lililokichapisha lilikuwa la vipimo vya elimu na saikolojia. Madaktari walikiazima kutoka kwetu.

Sasa tuyasome matokeo ya 2012. Baina ya daktari na daktari, kapa za zile sifa kumi zilikuwa kati ya 0.30 na 0.45. Na daktari yule yule alipooneshwa tena video ile ile, kapa kati yake na nafsi yake zilikuwa kati ya 0.34 na 0.65. Yaani mtu hakupatana vizuri hata na yeye mwenyewe wa juzi.

Watafiti hao hawakukaa kulia. Walizichuja zile sifa kumi wakabakisha tatu: mishipa ya damu inaonekana namna gani, damu inatoka kwa kiasi gani, na michubuko au vidonda vimefikia kina gani. Wekundu ukatupwa. Ule wepesi wa kuvuja damu kwa kuguswa nao ukatupwa. Kila sifa iliyobaki ilipewa maelezo yake, kwa mfano vidonda: hakuna, michubuko midogo, vidonda vya juu juu, vidonda virefu kwenda chini. Jumla ni kuanzia 0 hadi 8, na kipimo hicho hujulikana kwa herufi UCEIS. Wamarekani nao hawakubaki nyuma, kwani mwaka wa 2016 idara yao inayoidhinisha dawa ilipendekeza kwamba utumbo wowote unaovuja damu kwa kuguswa usihesabiwe tena katika ngazi ya moja ya Mayo.

Yupo atakayeniambia: haya yote ni ya watafiti, mgonjwa yanamhusu nini? Yanamhusu kwa njia mbili, na ya kwanza ni dawa zenyewe anazopewa.

Mwaka wa 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio la dawa ya mesalamini, lililoongozwa na Brian Feagan wa Kanada. Wagonjwa 281 waligawanywa, wengine wakapewa dawa na wengine vidonge visivyo na dawa. Ili aingizwe, mgonjwa alipaswa kuwa na utumbo wenye alama 2 au zaidi machoni pa daktari wa kituo chake. Baada ya wiki 6, waliotulia miongoni mwa waliopewa dawa walikuwa asilimia 30.0, na miongoni mwa wenzao asilimia 20.6. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba dawa ina nguvu kuliko bahati. Kumbe video zote zilikuwa zimetumwa pia kwa mtazamaji mmoja wa mbali, asiyemjua mgonjwa wala kituo. Huyo alisema asilimia 31 ya wagonjwa hawakustahili kuingia katika jaribio tangu mwanzo, kwa kuwa utumbo wao haukuwa mbaya kiasi hicho. Walipoondolewa katika hesabu, waliotulia kwa dawa wakawa asilimia 29.0 na wasio na dawa asilimia 13.8. Sasa dawa ilionekana inafanya kazi.

Sidai kwamba madaktari wale walidanganya. Mtu anayetaka mgonjwa wake apate nafasi katika jaribio humpa alama ya 2 anapositasita kati ya 1 na 2, na hufanya hivyo kwa moyo mweupe. Hivyo ndivyo mwalimu mwema anavyomwongezea alama mwanafunzi aliyebakiza moja tu kupita. Lakini huruma hiyo ilikuwa karibu ikaizike dawa yenye manufaa, na katika jaribio jingine ingeweza kuipandisha chati dawa isiyofaa. Ndiyo maana majaribio makubwa ya ugonjwa huu yamezoea kutumia watazamaji wa mbali, kama vile mtahini wa KCSE asivyopewa karatasi za shule yake mwenyewe.

Njia ya pili inagusa wagonjwa wote, hata wale wasiojua jaribio ni nini. Zamani mgonjwa akiacha kuharisha damu alihesabiwa kuwa amepata nafuu. Siku hizi madaktari hutaka utumbo wenyewe uonekane umepona. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka wa 2015 yaliridhika na ngazi ya 0 au 1. Yale ya 2021 yakasema lengo liwe 0. Sijui kama msomaji ameona mtego ulipo. Mpaka kati ya 0 na 1, ambao sasa unaamua kama mgonjwa aendelee na dawa zake au aongezewe nyingine kali zaidi na ghali zaidi, umechorwa pale pale ambapo wataalamu walipatana kwa shida kubwa. Mgonjwa mmoja, siku moja, utumbo mmoja: daktari wa kwanza atampongeza na wa pili atambadilishia dawa. Steroidi zikizidi huharibu mifupa na kuinua sukari mwilini, na dawa mpya za sindano bei yake inaweza kumfilisi mtu wa mshahara wa kawaida.

Kuna hoja ninayoiheshimu inayosema kuwa alama si kila kitu, na kwamba daktari mzoefu humtazama mgonjwa mzima. Kweli. Mwaka wa 1955 Truelove na Witts wa Oxford, walipokuwa wakiijaribu kotizoni, waliutambua ugonjwa mkali kwa vitu vinavyohesabika: mara ngapi mgonjwa anakwenda msalani na damu, mapigo ya moyo, joto la mwili, wingi wa damu. Vipimo hivyo vingali vinatumika wodini hadi leo kwa sababu muuguzi wa zamu ya usiku na profesa wa asubuhi hupata jibu moja. Hoja hiyo basi inaniunga mkono. Uzoefu mwema ni ule unaotafuta kitu ambacho mwenzako naye anaweza kukihesabu.

Tena, kupatana si kuwa sahihi. Madaktari wawili waliofundishwa na mwalimu mmoja mwenye kosa watapatana katika kosa lake. Ndiyo maana huchukuliwa vipande vidogo vya utando vikatazamwa kwa hadubini, na kinyesi kikapimwa protini ya kalprotektini ambayo huongezeka utumbo unapowaka. Hayo ni mashahidi wengine, wala hayamwondolei mtazamaji wajibu wake.

Wengine watasema tuiachie mashine. Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliifundisha kompyuta kwa picha zaidi ya 16,000 za utumbo, nayo ikapatana na watu kwa kapa ya 0.84, wakati watu wenyewe, waliokuwa wazoefu, walipatana kwa 0.86. Ni kazi ya kusifiwa. Ila tusisahau kwamba kompyuta hiyo ilifundishwa kwa alama zilizotolewa na watu. Mwanafunzi huyo hachoki wala hana shemeji katika jaribio, lakini mwongozo wake wa kusahihisha uliandikwa na sisi.

Na hapa kwetu? Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba kolaitisi ya vidonda ni ugonjwa wa Wazungu, na huenda wengi wetu tuliuguzwa amiba miaka nenda miaka rudi kwa sababu hiyo. Daktari wa Kenya ana mzigo ambao mwenzake wa Oxford hana, kwa maana damu kwenye choo huku huanza kwa kushukiwa amiba na bakteria za kuhara damu, na kumpa steroidi mtu mwenye amiba utumboni kunaweza kumtoboa utumbo na kumuua. Wataalamu wa kolonoskopi ni wachache na wengi wao wako katika hospitali za miji mikubwa. Mgonjwa wa kijijini huweza kutazamwa leo na huyu na mwakani na yule, huku mkononi ana karatasi iliyoandikwa neno moja: “wastani”. Wastani wa nani? Daktari wa pili hana njia ya kujua kama utumbo umepona, umebaki vile vile, au ni kalamu tu iliyobadilika.

Ndiyo maana naona upo uwezekano wa kufanya mambo mawili bila kungoja fedha za wafadhili. Kwanza, ripoti ya kolonoskopi isiandikwe neno moja. Iseme mishipa inaonekanaje, damu iko kiasi gani, vidonda vina kina gani, na picha ziambatishwe ili daktari anayefuata azitazame kwa macho yake. Hilo halidai chochote zaidi ya mistari mitatu ya wino na picha ambazo mitambo mingi ya siku hizi inaweza kuzihifadhi.

Pili, wanaofunzwa kazi hii wasawazishwe kama watahini. Kabla ya kuanza kusahihisha karatasi za KCSE, watahini huitwa pamoja, huusoma mwongozo, husahihisha karatasi za majaribio, hubishana hadi wapatane, na hata baada ya hapo viongozi wao huzipitia tena baadhi ya karatasi. Hakuna anayeona kwamba ametukanwa. Mbona daktari anayeanza kutazama utumbo wa watu asiketishwe siku moja kila mwaka na wenzake, waoneshwe video 20 zisizo na majina, kila mmoja aandike alama zake kimya, kisha kapa zao zikokotolewe ubaoni mbele ya wote? Wakirudia video zile zile baada ya mwezi mmoja, kila mtu atajua pia anapatana na nafsi yake kwa kiasi gani. Video hazihitaji kununuliwa ng’ambo. Zinapatikana kila siku katika vyumba vya uchunguzi, mradi mgonjwa ametoa idhini na jina lake limefutwa, na mwalimu wa hisabati wa shule yoyote ya upili iliyo jirani anaweza kuifanya hesabu yenyewe kabla ya kengele ya kipindi cha pili.